Paji la Uso la Mwenyekiti Linavyochelewesha Mbegu Mtinko

Chama cha Ushirika Jua Letu,
Tawi la Mtinko.

Kwa Mwenyekiti, Mzee Antipasi Njiku,
Makao Makuu, Mandewa.

YAH: KUJIELEZA KWA NINI NAANDIKISHA WAKULIMA WAWILI TU KWA SIKU

Shikamoo Mzee.

Nimepokea barua yako inayonitaka nijieleze, la sivyo nafasi yangu apewe mtu mwepesi. Nimeisoma mara mbili, nikakaa chini. Kazi hii naipenda. Mawingu nayo yameshaanza kujikusanya, na mkulima ambaye hataandikishwa hadi Ijumaa hatapata mbegu za alizeti. Kwa hiyo naomba unisikilize kwa utulivu, maana chanzo cha ucheleweshaji, kwa heshima zote, ni sura yako.

1. Kama ujuavyo, daftari la wakulima limo kwenye kompyuta ya hapo Mandewa. Mimi naifungua kwa mtandao nikiwa huku, na kioo changu kinaonyesha kila kilicho kwenye kioo cha huko. Tangu mkutano mkuu, kilichoko huko ni picha yako kubwa, umevaa suti ya kijivu. Inashuka polepole kutoka juu. Saa mbili asubuhi napata paji la uso. Saa mbili na nusu, miwani. Tai huwa inafika tukiwa tumeshakunywa chai.

2. Laurian, fundi wetu wa kompyuta, aliniambia kwa simu kwamba si lazima nisubiri, nibofye tu daftari. Mzee, alama ya daftari iko juu ya jicho lako la kushoto. Mimi nimelelewa nikaleleka. Siwezi kumbofya mzee jichoni, tena kabla mdomo wake wa kuitikia marahaba haujafika.

3. Wakulima nao wameshazoea. Kidevu kikitimia wanasimama, wanaamkia, ndipo tunaanza; nikimaliza mkulima mmoja, picha inaanza upya kutoka juu. Jumanne mtandao ulikatika picha ikiwa imefika puani, ikabidi turudi kwenye nywele. Bibi Dorkas, aliyetoka kwake alfajiri, aliondoka bila kuandikishwa. Iliniuma sana, kwa sababu mwaka jana pia alikosa mbegu. Leo yuko kwenye foleni tena.

4. Laurian akashauri nipunguze rangi za picha ili iwe nyepesi. Nikapunguza, ukatokea mweusi na mweupe kama wanaotangazwa kwenye tanzia. Wazee wawili wakavua kofia. Nikazirudisha rangi haraka.

5. Usidhani nimekaa bure. Ili watu wasichoke kusubiri, kila anayefika nampa neno la siri la mtandao wa ofisi, aangalie simu yake kwa raha. Hakuna aliyewahi kulalamika. Siku hizi foleni yetu ina watu wengi kuliko mnada, na wengine hata shamba hawana.

Kwa hayo yote, naomba picha ibadilishwe, iwekwe ndogo ya kitambulisho. Ikishindikana, iwekwe uliyopigwa ukiwa umegeuza mgongo, ambayo haina haja ya kuamkiwa. Hilo nalo likishindikana, basi uje mwenyewe Mtinko kila asubuhi tukuamkie ana kwa ana. Ukipanda bodaboda saa mbili, utatangulia tai yako.

Nisalimie Mama nyumbani, na wote wa makao makuu, akiwemo aliyekupiga picha.

Ni mimi ninayekutazama kila siku ya kazi,

Felista Ntandu,
Karani wa Tawi.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Laurian amefika. Ameiondoa picha yako na kasi haikuongezeka hata kidogo. Ndipo akahesabu simu zilizounganishwa kwenye mtandao wetu: thelathini na nne, mojawapo ikiwa yangu. Amebadilisha neno la siri, na ndani ya saa moja nimeandikisha watu kumi na saba, Bibi Dorkas akiwa wa kwanza. Nilifurahi hadi machozi, nikataka kuichana barua hii na kukuomba radhi. Lakini sasa hivi daftari limekwama tena. Mzee Hezekia wa hapo kwenye foleni alikuja dirishani, akaniita mwanangu, akaniuliza neno jipya la siri, na mimi kumkatalia mzee sikufundishwa. Yuko hapo nje, anawatajia wenzake.