Maksai Aliyeyaaibisha Mahindi ya Nebraska

Ndugu Mhariri,

Kwako salamu nyingi. Naomba nafasi gazetini nimshtaki maksai wa mke wangu, pamoja na daktari wa mifugo anayemtetea. Maksai anaitwa Otis. Darlene alimlea kwa chupa tangu mama yake afe katika theluji ya Machi, na anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Hilo nimeshalizoea. Sasa Otis amelala zizini, tumbo limevimba, anahara maji ya kijivu, na maonyesho ya mifugo ya wilaya ni wiki ijayo. Malalamiko yangu:

1. Otis amekula majani maisha yake yote. Jumapili nilimfungulia pipa zima la mahindi ya kusaga ili anenepe. Alikula kwa hiari yake. Jumatatu akagoma kusimama. Shukrani ya punda ni mateke, na ya maksai ni kuhara.

2. Daktari Svoboda anasema mahindi huongezwa kidogo kidogo kwa wiki tatu, la sivyo tumbo huchacha na kujaa tindikali. Mimi nilikuwa na siku tisa tu. Nilifanya hesabu, nikampa ya wiki zote tatu kwa mkupuo.

3. Aliniambia mbele ya mke wangu, "Bwana Vavra, mahindi yako ndiyo yanayomuua." Katika jimbo hili! Tunayala, tunayachoma ndani ya magari kama mafuta, hata timu yetu ya mpira inaitwa kwa jina lake. Ahamie Kansas akasifu ngano.

4. Alimnywesha Otis magadi yetu yote ya kuokea, eti yaue tindikali, hata yale tuliyowawekea wazimamoto wa hapa kwa chapati za kifungua kinywa chao cha kuchangisha fedha.

5. Majirani wakipita kwa gari walikuwa wakinisalimu kwa kunyanyua kidole kimoja juu ya usukani. Sasa wanashika usukani kwa mikono miwili.

Naomba basi daktari aonywe, na ng'ombe yeyote asiyeweza mahindi asihesabiwe kuwa wa Nebraska. Fanya haraka, kwani Darlene amesema neno moja tu tangu Jumatatu: "Huyu akifa, Emil, usiniite mkeo." Nakiri limenitisha.

Wasalimie nyumbani, wapiga chapa, na wazimamoto kwa masikitiko.

Wako katika mahindi,
Emil Vavra

N.B. Usiichapishe. Otis amesimama asubuhi hii, anacheua, na Darlene anamlisha majani makavu kwa mkono wake. Mahindi yaliyobaki ananilisha mimi, asubuhi, mchana na jioni, tangu Jumatano. Tafadhali mpigie Daktari Svoboda aje upesi, na magadi.