Mlima Usiohuzunisha

Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba, kuanzia sasa, ni marufuku mlima wowote kuonekana na huzuni ndani ya picha.

Mimi ndimi Katibu wa Kamati ya Furaha ya Milima. Ilibainika kwamba wanaosubiri huduma katika ukumbi wetu wananuna. Wapo waliodhani sababu ni dirisha la huduma, ambalo halifunguliwi. Kamati ilichunguza kwa kina, ikagundua kuwa kosa ni la picha iliyopo ukutani: mlima wa buluu, ukungu wa kijivu. Rangi hizo zikapigwa marufuku. Furaha ikaamuliwa kuwa ya njano.

Mchoraji wake ni wifi yangu. Kibanda chake cha kuuzia picha kikatiwa kufuli mpaka achore mlima unaoridhisha.

"Wifi, mlima wa mbali ni wa buluu tangu dunia iumbwe," akanilalamikia.

"Dunia haikuomba kibali."

"Haya! Tangu upewe kiti cha kuzunguka, hata akili imeanza kuzunguka."

"Chora, wifi. Watoto wa kaka yangu watakula maneno?"

Mkurugenzi wetu akaagiza naye achorwe, amesimama mbele ya mlima, ili wananchi wakijue chanzo cha furaha yao.

"Mkubwa, suti yako ni ya buluu," wifi akasema kwa adabu. "Niiache?"

"Sheria ni msumeno. Njano!"

"Na mvi?"

"Mimi sina mvi."

"Basi hizo nywele za kijivu."

"Njano! Kila kitu njano!"

Waziri alipokuja kuzindua, nilimsomea taarifa ya kamati, kufuli la kibanda likiwemo, kisha pazia likavutwa. Akaitazama picha, akatabasamu.

"Mlima huu umenichangamsha. Mchoraji afunguliwe kibanda leo hii."

Wifi akapiga kigelegele. Mkurugenzi akajikohoza.

"Mheshimiwa, na mimi je? Nipo hapo katikati."

Waziri akavaa miwani, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa rangi. "Hapa pana mlima tu."

"Ndiye mimi huyo! Tazama bega!"

"Katibu," Waziri akanigeukia, "huyu anayejipenyeza kwenye picha ya serikali ni nani?"

Niliitazama picha. Nikamtazama na Mkurugenzi: uso ulikuwa umesawijika, umekuwa wa kijivu kabisa. Kwa uaminifu unaodaiwa na wadhifa wangu, nilijibu kwamba katika picha rasmi simwoni mtu kama huyo, na kwamba rangi aliyo nayo imepigwa marufuku.