Betri ya Mama Severa

Kitwana aliliona gari kabla hajalisikia, na ukweli ni kwamba hakulisikia kabisa. Liliingia pale kwenye sehemu ya kuoshea magari, Ilala, jeusi, refu, viti vya ngozi, limenyamaza kimya, likasimama karibu limkanyage vidole vya miguu.

"Haibridi," akamnong'oneza rafiki yake Shukuru, mwosha magari, aliyekuwa na dekio mkononi. "Mafuta na umeme ndani ya gari moja. Mwenyewe nani?"

"Mama Severa. Anauza mabelo ya mitumba soko la Mchikichini."

"Mitumba," Kitwana akarudia, na mate yakamjaa mdomoni.

Kadi ya Kitwana ilisema yeye ni Daktari wa Magari ya Kisasa. Msimwamini. Spana alishika miezi michache tu pale Gerezani, mtaa wa mafundi na vipuri, akagundua zinachafua mikono, akazirudisha kwa wenyewe. Kilichomlisha mjini ni mdomo wake, na ujinga wetu. Maana tangu soko liachiwe huria, kila mwenye uwezo akaagiza atakacho kutoka Japani, Bongo imejaa watu wanaomiliki magari wasiyoyajua. Mtu ukimuuliza rangi ya taa za ndani atakueleza mpaka uchoke. Muulize betri kubwa ya haibridi inakaa wapi, atakufungulia boneti na kukuonyesha chombo cha maji ya wiper. Watu wa namna hiyo ndio Kitwana aliwaita wateja.

Betri kubwa, kwa taarifa yenu, inakaa chini ya kiti cha nyuma. Inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu dogo ubavuni mwa kiti, lenye wavu mweusi, ambalo wamiliki wengi hudhani ni spika. Tundu hilo likizibwa, betri inapata joto kama mgonjwa wa malaria, na taa ya hatari inawaka kwenye dashibodi. Hiyo ndiyo elimu yote Kitwana aliyokuwa nayo kuhusu haibridi. Ilikuwa imemlisha mwaka mzima.

"Godoro," akasema kwa chini.

Shukuru hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikata kipande cha godoro alichokuwa akisugulia matairi, akaingia nyuma na mashine ya kunyonya vumbi, na alipotoka kipande hakuwa nacho.

Mama Severa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba kwapani, anakunywa soda. Mwanamke mnene, mtulivu, aliyetoka Songea zamani na kitambaa kimoja cha kichwani, na sasa wachuuzi nusu ya soko walikuwa wakichukua mzigo kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Gari zuri hili. Unalifanyia sevisi wapi?"

"Linafanyiwa sevisi?" Mama Severa akauliza. "Mimi naweka mafuta naenda. Likinyamaza kwenye foleni nadhani limezimika, nasali Salamu Maria, linaondoka."

Kitwana alitaka kumkumbatia. Badala yake alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitabibu, akampa kadi, akamsihi asisite kupiga simu akiona taa yoyote ya ajabu. Mama Severa aliiweka kadi kwenye mkoba kwa heshima zote.

Siku zote Kitwana alikula hela ya ufundi tu: anatoa godoro, anazima taa, anachukua chake, anaondoka. Safari hii alitaka gari lenyewe. Alikuwa amepanga chumba kimoja Buguruni, choo kimoja na wapangaji wa nyumba nzima, na mke wake Zulekha alikuwa amechoka kugombea bomba na kamba ya kuanikia. Zulekha alikaanga vitumbua miaka na miaka mpaka wakapata kiwanja Chanika. Tofali zilikuwa zimeshafyatuliwa, mchanga umeshamwagwa. Kila jioni mwanamke yule aliongelea madirisha ya nyumba ambayo haikuwa na hata msingi.

Hesabu ya Kitwana ilikuwa hivi: amtishe mama, anunue gari kwa bei ya kutupa, atoe godoro, aliuze kwa tajiri wa Mikocheni kwa bei yake halisi. Angeuza kiwanja, kiwe mtaji wa wiki moja tu. Baada ya hapo Zulekha angepata kiwanja kingine na nyumba juu yake. Na kwa kuwa wanawake hawaelewi biashara, aliamua kutomwambia.

Simu ikaja kesho yake.

"Baba, imewaka taa. Ina alama ya mshangao. Inanitazama."

Kitwana alifika Mchikichini amevaa ovaroli safi isiyowahi kuona grisi. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya kibanda cha Mama Severa, na wachuuzi wamelizunguka, maana gari la mtu mwenye pesa likiugua, kila mtu anakuwa ndugu. Kitwana aliinama, akaweka sikio kwenye kiti cha nyuma, akafumba macho. Soko likanyamaza kumsikiliza akisikiliza.

"Imekufa," akasema.

"Nani?" akauliza Benjamini, muuza viatu wa kibanda cha pili.

"Betri kubwa. Poleni sana."

Akawaeleza bei ya betri mpya, na watu wakashika vichwa. Akawaeleza kuwa gari hili bila betri hiyo haliwaki hata ulijaze mafuta mpaka yamwagike, kwa sababu ndiyo inayowasha injini. Hilo lilikuwa kweli, na labda ndilo neno pekee la kweli alilosema wiki ile.

Mama Severa alimvuta pembeni, nyuma ya mabelo. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Bado linawaka kwa tabu. Huyu Benjamini amelitamani siku nyingi na hajui kitu. Hayo uliyosema kamwambie umekosea, taa ni ya mkanda tu. Nimuuzie leo leo, nawe nikupe chako."

 Kwanza Kitwana alishangaa kwamba mama mcha Mungu kiasi hiki ana roho hii. Kisha akaogopa. Godoro lake, kazi yake, akili yake, halafu faida aende nayo muuza viatu?

"Mama, hiyo ni dhambi," akasema kwa sauti nzito. "Kumuuzia jirani gari bovu?"

"Sasa nifanyeje?"

"Nitalichukua mimi. Nilikate vipuri."

Alitaja bei. Mama Severa akasema Benjamini angetoa zaidi. Kitwana akapanda bei. Mama Severa akapiga hatua moja kuelekea kibanda cha viatu. Kitwana akapanda tena, akapanda mpaka akakigusa kiwanja cha Chanika chote, na mchanga wake, na tofali zake. Hapo mama akasimama na kumwonea huruma.

Sasa, mji huu hakuna anayenunua gari bila kuja na fundi wake wa kulikagua. Hata mlevi anajua hivyo. Anakuja na fundi, fundi anafungua kila kitu, anachomeka mashine, anapiga gari teke, ndipo pesa inatoka. Kitwana hakuleta fundi. Angemletaje? Fundi yeyote angeanza kwa kuvua ule wavu na kuchomoa godoro mbele ya soko zima. Na zaidi ya hapo, fundi wa nini, wakati ugonjwa alioupanda mwenyewe alikuwa anaujua? Kama kulikuwa na mtu mmoja Dar es Salaam nzima aliyekuwa na hakika kwamba betri ile ni nzima, ni yeye.

Siku ya kulipana, Kitwana akiwa ameshauza kiwanja kwa siri, Mama Severa aliita mashahidi, Benjamini akiwa wa kwanza. "Msije mkasema nimemwibia mtoto wa watu," akasema. "Baba, waambie. Gari ni zima au bovu?"

"Bovu," Kitwana akasema kwa sauti, akificha tabasamu. "Betri imekufa. Nimelipima mwenyewe."

"Na unalitaka hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama."

Wakashikana mikono. Aliondoka akiwa amekaa wima kama balozi, akimpungia Benjamini aliyebaki akitikisa kichwa.

Kwenye mtaa tulivu wa Ilala alisimama, akarukia kiti cha nyuma, akavua wavu, akachomoa godoro. Akalibusu kabisa. Kisha akarudi mbele kuangalia taa.

Taa ilikuwa inawaka.

"Bado ina joto," akajiambia. Akasubiri ipoe. Alikunywa maji ya chupa, akanunua karanga, akawapigia simu madalali wa Mikocheni kuwaambia ana mzigo wa maana. Taa ikaendelea kuwaka. Akaondoka hivyo hivyo kuelekea Kariakoo, na katikati ya barabara ya Msimbazi, mchana kweupe, gari likazima. Akabonyeza kitufe, dashibodi ikamulika taa zake zote kwa pamoja, kisha ikamwambia kwa Kijapani jambo ambalo hakulielewa. Wasukuma mikokoteni walimtukana kwa lugha zilizoeleweka vizuri. Waliomsukuma mpaka pembeni walidai chao kabla ya kuondoa mikono kwenye buti.

Duka la Chandu la vipuri vya Japani lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Chandu alitoka mwenyewe, miwani kwenye paji la uso, akalitazama gari, akamtazama Kitwana, akalitazama gari tena.

"Hili si la Mama Severa?"

"Lilikuwa lake. Nimelinunua."

"Umenunua wewe?" Chandu akavuta kiti akakaa, kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Bwana wee. Mama huyu amekuja hapa tangu kabla ya Ramadhani kuulizia betri. Nikampa bei, akacheka, akaondoka. Kila wiki kuna fundi anamfutia ile taa kwa kompyuta ili apate mnunuzi. Wamekuja wanunuzi, kila mmoja na fundi wake, wote wamekimbia. Gerezani nzima tunalijua gari hili. Wewe hukuleta fundi?"

 Kitwana aliona uchungu wa kweli. Alikuwa ameibia watu wengi na hakuwahi kujua kwamba ndivyo inavyouma.

Alirudi Mchikichini kwa miguu, jasho linamtiririka ndani ya ovaroli, ambayo sasa ilikuwa na grisi. Mama Severa alikuwa anafungua belo la makoti, wateja wamemzunguka.

"Mama, umeniuzia gari bovu."

"Ndiyo," akasema Mama Severa. "Ulituambia wewe."

Benjamini na wenzake wakaitikia kwamba ndivyo, walisikia kwa masikio yao.  Kitwana angesema nini? Kwamba alidanganya, na kwa bahati mbaya uongo wake umekuwa kweli? Angemshitaki mama yule kituo gani, na kwa kosa lipi?

Mama Severa akamwegemea, akashusha sauti, koti la baridi mkononi. "Lile tundu la nyuma nalisafisha kwa mswaki kila Jumamosi, mwanangu. Siku uliponipa kadi nilikuta godoro. Nikakaa nikawaza, huyu kijana anataka nini? Kisha nikaelewa, nikalirudisha vizuri lisije likadondoka." Akainuka, akawageukia wateja wake. "Mnamwona huyu? Ndiye fundi wangu wa haibridi. Mkiwa na gari la namna hiyo mpelekeeni. Akisema imekufa, imekufa."

Wateja wakamtazama kwa heshima. Mmoja akamwomba namba ya simu.

Gari lilivutwa mpaka Buguruni jioni, likawekwa ubavuni mwa nyumba ya kupanga. Watoto wa uani walipanda juu yake mara moja, na mpangaji wa chumba cha mbele akaulizia kama anaweza kuanika nguo juu yake. Zulekha alitoka na mwiko wa vitumbua mkononi. Shukuru, ambaye hakuwa amepata mgawo wake, alikuwa ameshapita na kumweleza kila kitu, tangu godoro mpaka Chanika.

Hakupiga kelele. Kitwana aliomba kimoyomoyo apige kelele. Mwanamke alilizunguka gari taratibu, akapitisha kidole kwenye kioo, akachungulia ndani.

"Linakwenda?"

"Likipata betri."

"Na mchanga wetu?"

"Umekwenda na kiwanja."

Zulekha akamkabidhi mwiko. Akaingia ndani ya chumba, akatoka na mto, shuka na birika lake, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akavipanga kimoja kimoja kwenye kiti cha ngozi. Kisha akaingia mwenyewe, akavua ndala, akaziweka chini vizuri kama mtu aliyehamia. Kitwana akashika mlango aingie naye.

"Wewe unakwenda wapi?" Zulekha akamuuliza. "Chumba chako ni kile pale, na kodi mwisho wa mwezi. Hapa ni Chanika, na kiwanja ni changu."

Akavuta mlango, ukafungika.