Malalamiko Kuhusu Fundi Anayetafuta Pete Yangu kwa Uangalifu Uliopitiliza

Ndugu Mwenyekiti wa Wapangaji,

Basi jana pale bombani maji yalipotoka tukatawanyika, nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwenye utamu wa kisa nilichokuwa nakusimulia. Pete yangu ya ndoa imepotea uani. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na ni pete yake mwenyewe aliyonipa. Akikuta kidole kitupu nitaisikia mpaka nizikwe. Ndiyo nikamwita yule fundi friji wa chumba cha mwisho, mwenye mashine ya kunusia vyuma. Nilijua ni kazi ya dakika tano. Leo siku ya tatu. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Anatembea kama mwenye tumbo la kuharisha. Ile sahani ya mashine anaipeleka kushoto, kulia, na kila akisogea lazima ipite tena juu ya nusu ya pale ilipopita. Nikamuuliza, kwani unapiga deki? Ati asiporudia nusu anaacha mapengo.

2. Sahani haiinui hata kidogo, inalamba chini tu. Nilipoishika mimi nikaipunga kama fagio, akaninyang'anya. Ati ikipanda huku na huku inanusa hewa.

3. Kanivua bangili, vibanio na viatu vyenye misumari, ili mashine isinilie mimi. Halafu akaniuliza kwa adabu kama sidiria ina waya. Inao. Mwenyekiti, mume wangu mwenyewe hajawahi kuuliza.

4. Anachimba kila mlio. Namwambia hicho ni kizibo cha soda, anasema dhahabu nayo huweza kulia hivyohivyo. Katoa vizibo arobaini, kitasa, na kile kijiko changu ambacho miaka sita nasema kaiba Mama Pacha wa chumba namba tatu. Nimeshasema kwenye vyumba vyote kumi na viwili. Sasa nianze kukanusha chumba gani?

5. Alitandika kamba uani kwa urefu, akazifuata zote na mashine, akamaliza. Sasa kazifungua, anazitandika kwa upana, palepale. Ati kitu kilichosimama upande unaweza kukikosa ukija huku, ukakisikia ukija kule. Na kamba zimefika chini ya dirisha la Mama Pacha! Nimemwambia mara saba pete ilidondoka nikianika nguo, kule kwingine sijawahi kukanyaga. Anajibu kwamba uani ni uani.

Naomba kamati iamue: mtu atafute pale mwenye mali aliposema, upesi, na asifukue kisichoulizwa. Madirisha ya watu yaheshimiwe.

Nisalimie mkeo na mguu wake mbovu, na yule shemeji yako anayejificha kwenu. Mwambie mumewe ameshajua alipo.

Ni mimi, mpangaji wako mtiifu wa chumba namba tano.

Nyongeza: Barua hii ichane. Pete imepatikana, imesimama upande vilevile alivyosema, kwenye kamba za upana, chini ya dirisha la Mama Pacha, hasa pale mtu anapoegemeza bega akitaka kusikia vizuri. Nimewaambia watu labda kaibeba kuku. Hapa hakuna anayefuga kuku. Fundi apewe uani wote, achimbe atakavyo. Mama Pacha kafungua dirisha, ananiita. Hana hata hasira. Wiki mbili anabishana na mumewe nani aliyeanza ule ugomvi wao, na anahitaji shahidi. Nimemwambia abandike chai, ninao wote tangu neno la kwanza. Ananiita tena, ngoja