Mashine Bingwa wa Hesabu Yakabidhiwa Kituo cha Majani

Umma unajulishwa kwamba tangu Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, akili ya mashine imefikia ya binadamu. Aliyethibitisha jambo hilo ni Bwana Weldon, Mkurugenzi wa Idara ya Ulinganifu wa Akili, ofisi ya pili kushoto ukishapita choo.

Wataalamu wa ng'ambo bado wanabishana. Mashine zimefumbua hesabu zilizowatoa jasho maprofesa. Wengine wanasema basi akili kamili iko mlangoni, wengine wanasema tulieni kwanza. Weldon hakuwa mtu wa kutulia. Aliipa mashine hesabu iliyomliza kidato cha tatu, nayo ikaijibu kabla hajamaliza kukoroga sukari. Palepale akaitisha kamati: watu wanne, mandazi nane, ajenda moja.

"Shuleni, mtu wa hesabu alikuwa nani?" aliuliza.

"Mwerevu," kamati ikajibu.

"Na mwerevu hushindwa na nini?"

Kamati ikatafuna. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba hashindwi na kitu.

Kwa hiyo ikaazimiwa kuwa aliyeweza hesabu ameweza yote, na hayo yote yaanzie kwenye kituo cha kununua majani chai kilicho kando ya barabara ya Sotik. Hapo karani Nyamoita alikuwa amekagua majani kwa miaka kumi na tisa. Ijumaa angekabidhi aproni, pamoja na ufunguo wa chumba cha kituo alichoishi na bintiye Bonareri. Weldon alimhurumia kweli. Hata alimwandikia barua ya kumpongeza kwa kupitwa na wakati.

Kazi yenyewe ya Nyamoita, kwa macho ya Idara, haikuwa ya kitaalamu. Alikuwa anatumbukiza mkono kwenye kikapu mpaka kiwikoni, basi. Kila mkulima wa huku anajua mpango: juu unaweka majani mawili na chipukizi, mabichi, ya kupendeza macho; chini, Mungu husamehe. Nyamoita hakuwa Mungu. Akigusa mabaya chini, mwenye kikapu anamwagiwa yote kwenye gunia, anachutama kuyachambua mbele ya foleni nzima. Wakubwa walipoanza kuwatuma vibarua kuchutama badala yao, Weldon mwenyewe alitunga Kanuni ya Saba: mwenye majani atayachambua yeye binafsi, hapo hapo, bila kujali cheo. Hayo maneno matatu ya mwisho aliyapenda sana. Aliyapigia mstari.

"Mkubwa," Nyamoita alimwambia alipopokea barua, "sikatai, hesabu inajua. Lakini hesabu inakaa tu kwa karatasi inakungoja. Haikufichi kitu. Mkulima anakuja akiwa amejipanga."

"Hayo ni maneno ya mtu aliyeogopa hesabu, mama."

"Nilipata B, mkubwa. Na wewe?"

Weldon alimkumbusha kwamba alama za Mkurugenzi hazikuwa kwenye ajenda.

Ijumaa ikafika. Hema likasimamishwa, mchungaji akaomba, akaombea hata waya. Mashine ilikuwa kamera juu ya mzani na skrini kubwa pembeni. Kwanza ilionyesha hesabu ukurasa baada ya ukurasa, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejua kama ni sahihi, lakini zilikuwa ndefu. Kisha kikaletwa kikapu cha kwanza, na kwa heshima kilikuwa cha Weldon mwenyewe, kutoka shamba lake la upande wa Bomet.

"Daraja la kwanza," skrini ikasema. "Asilimia mia."

Weldon alihisi machozi. Miaka yote hiyo, hatimaye kitu chenye akili kilikuwa kimemwelewa.

"Na Nyamoita aweke mkono!" Ilikuwa sauti ya Tecla, mkulima aliyechambua Jumanne mpaka magoti yakauma. "Yangu si aliweka?"

"Aweke! Aweke!" foleni ikaitikia.

Weldon aliruhusu. Utafiti wowote wa maana, alieleza, huhitaji binadamu wa kulinganishia. Nyamoita akakunja mkono wa sweta, akautumbukiza mpaka kiwikoni. Akatoa majani mazee magumu. Akatoa nyasi ya nepia, chakula cha ng'ombe. Mwishowe akatoa bua la mahindi, na hindi lake.

"Wuui!" Tecla akasema kwa furaha isiyo na dhambi.

Hapo ndipo Weldon alipokumbuka. Asubuhi ile kikapu kilikuwa nusu, na Mkurugenzi hawezi kusimama mbele ya watu na kikapu nusu. Alikuwa amewaambia vibarua tu, kijazeni.

"Wananchi," alisema, "mashine haikukosea. Imetambua cheo! Si hiyo ndiyo akili ya binadamu?"

Kamati ikatikisa vichwa kukubali.

"Basi mimi sina akili," Nyamoita akasema, akitandaza gunia. "Kanuni ya Saba, mkubwa."

Weldon akaigeukia mashine yake. Mbele ya watu wote akaiamuru itafute, kwa uwezo wake wote, sababu ya kumwondoa Mkurugenzi kwenye Kanuni ya Saba. Haikuchukua hata dakika.

"Hatua ya kwanza: 'bila kujali cheo' inahusu vyeo vyote. Hatua ya pili: Mkurugenzi ni cheo. Hatua ya tatu: Mkurugenzi atachambua. Imethibitishwa."

Nyamoita aliisoma skrini mara mbili, kidole hewani, kama mtu anayesahihisha daftari. Kisha akaufunga upya mkanda wa aproni yake, akaukaza.

"Hapo sasa," alisema, "hesabu inajua. Chutama, mkubwa, foleni ni ndefu."