Bwawa Lenye Umbo la Sikio

Kuanzia asubuhi hiyo, vipaza sauti vilitangaza, malalamiko ya wananchi hayatapokelewa tena ofisini. Yatapelekwa bustanini, kwenye bwawa jipya la mapambo lililochimbwa kwa umbo la sikio, ndewe ikielekea langoni na samaki wekundu wakizunguka katikati.

"Sikio hili lina mamlaka yangu yote," alisema Mkurugenzi wa Bustani na Usikivu. "Ukiliambia, umeniambia mimi."

Akajipigia makofi, wengine wakafuata. Alikuwa na sababu ya kuchangamka. Waziri angekuja kulitembelea bwawa alasiri, na kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi. Mkurugenzi alikitamani kiti kile mpaka usingizi ukampaa.

Lilikuwepo jambo dogo la kitaalamu. Ili Sikio lijae, bomba la mtaa wa nyuma lilikuwa limegeuziwa bustanini, na mtaa mzima ukakaukiwa. Mkurugenzi hakuona ubaya. Watu wasio na maji sasa walikuwa na mahali pazuri pa kulalamikia.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe wake, mkazi wa mtaa huohuo. Alishika ndoo mbili, na nyuma yake majirani walikokota madumu. Akainama penye ndewe.

"Hodi, Sikio. Mimi ni mama mkwe wake huyo aliyekuchimbisha. Tunaomba maji yetu."

Sikio likanyamaza. Samaki mmoja akageuka.

Mama akamtazama mlinzi wa bustani aliyesimama kando. "Eti baba, huko ofisini kwenu, mkubwa akiombwa kitu akanyamaza, inakuwaje?"

Mlinzi akasimama wima. Miaka nenda miaka rudi kazi zilikwenda hivyo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumuuliza Mkurugenzi jambo mara mbili.

"Akinyamaza amekubali, mama. Ndio utaratibu."

"Haya jamani, tekeni!"

Mkurugenzi alipoitwa akaja mbio, tai ikiwa begani, Sikio lilikuwa limebaki tope na samaki wamehamishiwa kwenye beseni. Alitaka kufoka. Lakini mtu atamfokeaje mama aliyemzalia mke, hata kama anamchotea cheo chake kwa ndoo?

"Shikamoo, mama," alisema, akiirudisha tai kifuani.

"Marahaba, mkwe wangu. Tumesikilizwa! Hongera sana."

Hapo gari la Waziri likaingia. Waziri alilizunguka shimo taratibu, mikono nyuma, kama anavyokagua kila kitu asichokielewa. Mkurugenzi akaeleza: jua kali, mvukizo usiotarajiwa, hujuma. Jina la mama mkwe hakulitaja. Kisha akaomba apewe nafasi kesho afike ofisini ajieleze vizuri, maana kile kiti, mheshimiwa, kile kiti...

"Ofisini?" Waziri alishangaa kwa dhati. "Si umetangaza mwenyewe asubuhi? Liambie Sikio."

Akapanda gari, akaenda zake.

Mkurugenzi alitazama huku na huku. Akapiga magoti kwenye tope kwa suruali yake ya sherehe, akakohoa, akaanza kunong'ona ili mlinzi asisikie.

Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo yake ya mwisho kichwani. Akamwonea huruma, huruma ya kweli kabisa.

"Paza sauti, baba," alimwambia. "Lilikuwa limejaa maji. Sasa huenda likasikia."