Bwana Nchi na Tembo wa Magunia

Leo nimeaibika mpaka kivuli changu kimekataa kurudi na mimi nyumbani.

Nawaandikia nyie wa kikundi chetu kabla hamjahadithiwa na wengine, maana video zimeshafika Maswa. Waliosababisha nawataja kwa majina, simwogopi mtu. Wa kwanza Maduhu mchoraji. Wa pili Kabula fundi cherehani. Wa tatu Limbu wa ngoma. Wa nne nitamtaja mwishoni.

Mimi mnanijua. Shigela. Mwaka juzi nilipambana na tembo shambani kwangu, nikavunjika mguu, nikabaki hai. Nani alikuja kunipa pole? Hakuna. Hata mchungaji alikuja siku ya tatu, akasali amesimama. (Angekuwa simba wangekuja na kamera. Tembo amekula mahindi, nani ahangaike?) Basi nikawa najisimulia mwenyewe. Nimesimulia kisimani, nimesimulia kilabuni, nimesimulia kwenye misiba ya watu wasionihusu.

Mke wangu Mbuke akachoka. Wiki tatu zilizopita tulipata mgeni, nikaanza, "Yule tembo alikuwa na pembe kama nguzo za umeme..." Mbuke akaweka bakuli la michembe ya viazi chini, akafunga begi, akaenda kwao Shishiyu.

Leo saa kumi ndiyo kilikuwa kikao. Yeye na mama yake walitakiwa waje kwa kaka yangu hapa Bariadi, tukae, ijulikane anarudi au harudi. Na mama mkwe wangu ni mtu wa kuogopwa. Mnajua kwetu mkwe hamtazamani. Miaka ishirini na mbili namjua kwa viatu tu: makubazi ya kijani, kamba moja ilishakatika akashona kwa uzi wa njano. Nikiyaona makubazi yale nachepuka porini.

Kwa hiyo leo nilikuwa na kazi moja tu duniani. Saa kumi ifike, nionekane mtu wa heshima.

Saa tatu asubuhi akaja Maduhu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Sina nafasi."

Huyu Maduhu anachora mabango ya saluni. Sasa ametoa kitabu cha katuni na leo ndiyo alikuwa anakitangaza mnadani. Akaniambia nchi za wenzetu zina jamaa zao kwenye katuni, kila nchi na wake. Jamaa anavaa rangi za bendera mwili mzima. Jamaa ndiyo nchi yenyewe. Akipigwa ngumi, nchi nzima imeumia. Akiinuka, nchi imeinuka.

"Sisi hatukuwa naye, baba. Mimi nimemchora wa kwetu. Anaitwa Bwana Nchi."

"Halafu?"

"Halafu sura ni yako."

Akafungua kitabu. Jamani! Mimi kabisa! Kipara changu, pua yangu, na jino langu lililokosekana limekosekana vilevile. Kifua tu ndiyo hakikuwa changu, kile alikitoa kwa dume la ng'ombe. Ukurasa wa nne nimemshika tembo mkonga, namzungusha.

"Nani mwingine hapa aliyepigana na tembo?" Maduhu akasema. "Wewe ndiye nchi, baba. Umekanyagwa na bado upo. Twende mnadani watu wakuone."

(Sifa ni pombe. Mtu aliyekaa miaka miwili bila kuonja, nusu glasi inamlaza.)

"Saa kumi nina kikao," nikasema.

"Utavaa kama yeye, na saa saba utakuwa umeshavua."

Tukaenda kwa Kabula. Kabula alisema bendera yenyewe huwezi kuikata ukashona suruali, utakamatwa. Kwa hiyo aliokoteza. Kijani ilitoka kwenye sare za msiba wa shemeji yake. Bluu ni pazia. Njano ni kitambaa cha meza. Nyeusi ni taiti, sikuuliza ya nani. Na ramani ya Tanzania ameishona mwilini mwangu: kaskazini kifuani, kusini yote imeenda mgongoni na kushuka.

"Simiyu iko wapi?" nikauliza.

"Inua mkono."

Nikainua. Simiyu iko kwapani.

"Kitambaa kiliisha," akasema Kabula, hana hata aibu. Halafu akanipa chupi. "Hii vaa juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya taiti."

"Kabula, mayu, chupi ni nguo ya ndani."

"Maduhu amechora juu."

Maduhu akafungua kitabu. Kweli, amechora juu. "Wa nchi zote wanavaa juu, baba. Ndiyo sare yao."

"Kwa hiyo nchi nzima inatoka nje na chupi?"

"Ni kitaalamu."

Nikanyamaza. (Mimi niliishia darasa la nne. Nikisikia "kitaalamu" huwa nanyamaza, na ndivyo walivyonimaliza.) Nikavaa. Kabula akanizunguka mara mbili, akasema, "Usichuchumae na usikimbie. Mshono wa nyuma nimepiga mmoja tu."

"Nikimbie nini mimi niliyesimama mbele ya tembo?"

Mnadani watu walijaa. Maduhu akanipandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akanipa kipaza sauti kile kisicho na waya, akanisukuma. Nikatoa kifua.

"Mimi ndiye Bwana Nchi! Ukinigusa mimi, umeigusa Tanzania!"

Makofi! Vigelegele! Miaka miwili nilikuwa nausubiri mlio ule. Upande wa pili Limbu na kundi lake walikuwa wanapiga ngoma, na nikaona watu wanamwacha, wanakuja kwangu. Kwetu ngoma ni watu. Ukiachwa peke yako umeshindwa, uende ukalale. Nikamwona Limbu ananitazama vibaya. Nikampungia mkono. (Kosa.)

Akasogea mzee mmoja anavuta mbuzi.

"Wewe ndiye Tanzania?"

"Ndiyo, mzee."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Nimekutafuta sana," akasema, akafunga mbuzi kwenye gurudumu la mkokoteni. "Daraja letu limesombwa na maji. Ulikuwa wapi?"

Kabla sijajibu mama mmoja akadakia, "Mbegu za pamba ulizonipa hazikuota!" Mwingine ana kadi ya kliniki, anataka niisome. Wakapanga foleni. Kweli tena, foleni, na wanakemeana: "Usichomekee, mimi nimemwahi Tanzania!" Jamaa mmoja akataka nimwonyeshe kijiji chake kwenye ramani. Nikainua mkono.

"Hapo? Kwapani?"

"Kitambaa kiliisha."

"Ndiyo maana hatuonekani!"

Namtafuta Maduhu anisaidie, Maduhu yuko nyuma anauza vitabu, anacheka na wateja.

Ndipo ikatoka sauti ya mama mmoja nyuma kabisa. Amejifunika kanga uso mzima, amenipa mgongo. Nikadhani macho yanamuuma.

"Muulizeni. Tembo ni wa nani?"

"Wa nchi!" watu wakajibu.

"Na nchi ni nani?"

"Huyu hapa!"

"Basi tembo ni wake. Walipokuja kula mahindi yeye alifanya nini?"

Hapo ndipo aliponipata, maana wimbo huo naujua hata usingizini. Nikaanza. Nikasema tembo alikuja kama nyumba ya bati. Nikasema Mbuke wangu alilia nikamwambia, "Mke wangu, kaa nyuma yangu." Nikasema nilishika pembe hii, nikashika na hii, nikamwambia tembo, "Hapa Simiyu, rudi ulikotoka!" Hata foleni imesimama kusikiliza. Mimi najiona nimekuwa mrefu.

Limbu akavumilia, akashindwa. Akavuta turubai lililokuwa nyuma ya ngoma zake.

Akatoka tembo.

Sikilizeni. Niliona kwamba ni magunia ya pamba. Niliona masikio ni nyungo mbili na mkonga ni mpira wa bomba la dawa. Niliona chini kuna miguu minne ya binadamu, mmoja amevaa ndala. Kichwa changu kilijua kila kitu. Lakini aliyekuwa ndani alipuliza baragumu, na miguu haikukiuliza kichwa.

Niliruka kutoka kwenye mkokoteni. Mguu wangu mbovu ulipona palepale. Watu wakapisha. Tembo, yaani Limbu ana roho mbaya, akaamua anifuate! Nikasikia mshono unalia. Nchi ikapasuka kuanzia Iringa, ikateremka hadi Songea, upepo ukaingia. Ile chupi ya juu ndiyo iliyonisitiri. (Sitaki kumshukuru Maduhu.)

Mbele yangu kasimama mama mnene, amejifunika kanga. Nikamzunguka nyuma, nikamkumbatia kiuno, nikachuchumaa.

"Mayu, mama, niokoe!"

Ndipo nikatazama chini.

Makubazi ya kijani. Uzi wa njano.

Basi la Shishiyu leo lilikuwa limewahi. Tangu nizaliwe halijawahi kuwahi, likachagua leo.

Pembeni yake amesimama Mbuke na begi lake. Mama mkwe hakugeuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Mbuke. Nani amenishika?"

"Ni Tanzania, mama."

"Mwambie Tanzania mikono yake ina jasho."

Nikaachia kama nimeshika jiko. "Mbuke, mwambie mama naomba anisamehe." (Tuko nusu hatua, na bado lazima maneno yapitie kwa Mbuke.)

"Mbuke, muulize Tanzania. Siku ya tembo wa kweli alijificha nyuma ya nani?"

Na sauti ikavuma mnada mzima. Kile kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika! Ngoma zikanyamaza. Tembo wa Limbu akasimama, jamaa wa mbele akatoa kichwa kwenye tundu la sikio ili asikie vizuri.

Nikamtazama Mbuke. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri miaka miwili, kila mgeni, kila msiba, akibeba chai huku mimi naongea. Nikaona nikidanganya tena, begi lile linapanda basi na halishuki tena Bariadi.

"Mwambie mama nilijificha kwenye kihenge cha mahindi."

"Muulize ngazi ilikuwa wapi."

"Mwambie nilipanda, halafu nikaivuta juu."

"Na mwanangu?"

"Alibaki chini."

"Na nani alimfukuza tembo?"

Ng'ombe mmoja akakohoa.

"Mbuke," nikasema. "Kwa sufuria. Aliipiga mpaka ikatoboka."

"Muulize na mguu."

"Mwambie... tembo alipoondoka nilitaka kushuka haraka nionekane mwanaume. Nikaruka. Ngazi ninayo mwenyewe mle ndani."

Aliyeanza kucheka ni tembo. Nusu ya nyuma ilianguka chini, ya mbele ikafuata. Kisha mnada wote. Yule mzee akaja kufungua mbuzi wake, akawaambia wenzake, "Nilikuwa na wasiwasi labda siyo yenyewe. Ni yenyewe. Imepanda juu ikavuta ngazi."

Saa kumi kikao kilikaa. Nilivaa suruali ya kaka, na chupi nimeirudisha ndani. Mama mkwe alikaa nyuma ya mlango. Kwa kumshika kiuno nimetozwa mbuzi, na nimekubali kabla hajamaliza kusema. Maduhu akapita hapo bila haya kusema kitabu cha pili kiko njiani: Bwana Nchi ametolewa, ameingia Bibi Nchi na sufuria. Mimi nimo pia. Nimechorwa macho tu, yanachungulia kwenye kihenge.

Mbuke alipoulizwa anarudi au harudi, akasema, "Nitarudi. Lakini aandike. Kwenye kile kikundi chake alichowajazia watu tembo, aandike yeye mwenyewe na wote wasome. Akimrefusha tembo hata kidogo, begi silifungui."

Ndiyo haya mmeyasoma. Na wa nne niliyesema nitamtaja mwishoni ni Shigela.

Mbuke amekaa hapa ubavuni mwangu, anasoma neno kwa neno. Begi liko magotini.

Anasema kuna kitu nimekiruka.

Haya. Pembe hakuwa nazo. Alikuwa ndama wa tembo.

Mtakaocheka chekeni huko huko kwenu, tena taratibu. Nimesikia zipu.